Mwimbaji wa Chumba cha Mashine

Siku tuliyomzika Injinia, mwosha maiti alitoka uani na ndoo mkononi, akauliza kama hakuna maji mengine. Sabuni ilikuwa haitoi povu. Sisi wanawake tuliokaa kwenye mikeka upande wa pili wa ukuta tulimsikia vizuri, na wote tulijua maji yale yametoka wapi. Yalitoka kwenye kisima cha msikiti wa mtaa wetu hapa Bagamoyo, kisima alichokichimba marehemu mwenyewe, akakitunza tangu mimi ni msichana mpaka nimeota mvi. Mwishowe mtu alitumwa dukani, na Injinia akamaliziwa kuoshwa kwa maji ya chupa.

Baadaye mwenyekiti wa kamati ya msikiti alishika kipaza sauti. Alisema tumempoteza shujaa wa vita, mhandisi, mtu wa watu, na kwamba kisima kile ni sadaka itakayomfuata mpaka kaburini. Wakati anasema hayo nilikuwa na kikombe cha chai iliyopikwa kwa sadaka hiyohiyo. Ilikuwa na chumvi kiasi kwamba sukari haikuwa na la kufanya. Niliimwaga mchangani, na jirani yangu akaninong'oneza kwamba ni vibaya, nitubu.

Sikutubu. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake waulizeni wanawe. Mimi nitamsema kama nilivyomjua kwa miaka mingi ya kuishi ukuta kwa ukuta na chumba chake cha mashine, na mkiona nimekasirika mjue hasira yangu ina pande mbili, na upande mmoja ni wake.

Jina lake halisi tulilitumia kidogo sana. Maji yakikatika alikuwa Injinia. Ikifika siku ya mashujaa, viongozi wakitaka mtu wa kuketi nao mstari wa mbele na medali kifuani, alikuwa Mpiganaji. Aliporudi Makka alikuwa Alhaji. Na zamani, kabla ya Makka, kwenye harusi za Bagamoyo mpaka Pangani, alikuwa Mwimbaji, na ukisema Mwimbaji hakuna aliyekuuliza yupi. Nimeshika hili la Injinia kwa sababu ndilo aliloligeukia upesi ukimwita njiani. Lile la Alhaji ulilazimika kuliita mara mbili.

Alikuwa mtu mgumu kupendwa. Ukimwamkia shikamoo alijibu marahaba bila kukutazama, kama anayepokea saluti ya askari asiyemjua. Alivaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi hata alipokwenda kulala chini ya mashine kukaza nati, na saa ya mkanda wa chuma ambayo sikuwahi kumwona akiitazama. Alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni pa watu, akafumba jicho moja, akaangalia kama kizingiti kimelala sawa. Kwenye harusi ya binamu yangu alikaribishwa pilau, akasema ukuta ule umepinda. Alikula akiutazama ukuta, akanawa, akaondoka bila kumpongeza bwana harusi. Ukuta haujaanguka mpaka leo, lakini kweli umepinda.

Alikuwa anatoa amri, sababu hatoi. Mvua za mwaka mmoja zilipolitoboa paa letu alikuja bila kuitwa, akapanda, akagonga mabati mchana kutwa. Aliposhuka akamwambia mama aliondoe jiko pale lilipo.

"Kwa nini, baba?" mama akauliza.

"Nimesema liondoe."

Mama akaliondoa. Mvua iliyofuata ikatuonyesha tone moja likidondoka palepale jiko lilipokuwa. Angeweza kusema kwamba kuna bati moja limemshinda, ila hilo lisingetoka kinywani mwake. Hakutaka malipo. Alitaka chai, akainywa, akasema majani ni mengi mno.

Nieleze kidogo habari ya maji, maana bila hiyo mtu huyu haeleweki. Huku kwetu pwani maji matamu yamelala juu ya maji ya chumvi huko chini ardhini, kama mafuta yanavyolala juu ya mchuzi. Ukiyavuta kwa kiasi, unapata matamu maisha yako yote. Ukivuta kwa pupa, yale ya chini yanapanda, na yakishapanda hayashuki tena kwa kuyabembeleza. Injinia alilijua hilo vizuri, alikuwa amelisomea. Alipotoka jeshini aliajiriwa idara ya maji, akachimba na kufunga mashine huku kote, kuanzia Vigwaza mpaka vijiji vya ufukweni. Lakini sisi hakutuambia habari ya mafuta na mchuzi hata siku moja. Alikuwa akija asubuhi baada ya swala ya alfajiri, na tena baada ya alasiri, anawasha mashine, anajifungia nayo chumbani, na wakati wake ukifika anazima. Hata kama foleni ya ndoo imefika barabarani, anazima. Watu wakilalamika anasema, "Kisima kimechoka." Basi. Utadhani anazungumza habari za punda.

Kwa hiyo watu wakamwona bahili wa maji yasiyo yake. Na maji hayo yalikuwa matamu jamani. Maharage yaliiva kabla hujachoka kupepea moto, na watu wa Mlingotini, kwao mkewe, walipokuja kututembelea walirudi na madumu.

Habari za vita hakupenda kusimulia. Wazee wengine waliokwenda Uganda walikuwa na hadithi za bunduki za kutosha barazani kila jioni, yeye akipita huku akitazama vizingiti vyao. Mimi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi nilimwomba aje azungumze na wanafunzi. Akaja na medali zake na lile shati lake. Mwanafunzi mmoja akauliza aliua watu wangapi. Injinia akasema, "Niulize nilijenga madaraja mangapi." Yule mtoto, kwa adabu kabisa, akauliza madaraja mangapi. Akajibu, "Mengi. Mengine tuliyabomoa wenyewe."

Kisha akatusimulia kitu kimoja tu. Kazi ya kikosi chao ilikuwa kutengeneza njia na kulipua kilichoziba njia. Baruti huwashwa kwa utambi, na lazima ujue utambi unaungua kwa muda gani ili ukimbie mapema. Saa zao ziliingia maji walipovuka mto, zikafa zote. Basi yeye akawa anapima utambi kwa wimbo. Unawasha, unaanza kuimba, ukimaliza ubeti uwe umeshalala chini nyuma ya kitu. "Usiharakishe wimbo kwa sababu ya woga," aliwaambia watoto, "utajidanganya muda." Watoto wakacheka, wakamwona askari wa ajabu anayeimba wakati wa kukimbia. Akachukua kofia yake, akatoka. Nilimwalika tena mwaka uliofuata, akakataa.

Sasa niseme sauti yake. Haikufanana naye hata kidogo. Mtu aliyeongea kama anagonga misumari, akiimba alikuwa mtu mwingine mpole kabisa, aliyekuwa na muda wa kutosha. Alianzia kwenye bendi ya jeshi, akahamia taarabu, na nilipokuwa kigori ndiye aliyekuwa akiimba harusi zote za maana. Wanawake walinyanyuka kwenda kumtunza pesa, wanacheza taratibu kuelekea jukwaani, na wengine nawajua mimi walikuwa wakirudi nyuma ya mstari ili wapite tena. Hakuwatazama. Alitazama juu kwenye taa, akihofia jenereta. Siku moja jenereta likazima katikati ya ubeti. Akashuka na kanzu yake, akalitengeneza gizani kwa mikono, akarudi jukwaani na mafuta mpaka viwikoni, akaendelea na neno lilelile alipoachia. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Wimbo uliopendwa kuliko zote aliutunga mwenyewe, na ubeti wake wa mwisho ulikuwa hivi:

Nimekaa mlangoni, kivuli kimegeuka,
Na chai iko mekoni, mvuke umeshatoka,
Wewe uko safarini, barua hazijafika,
Kama hurudi nyumbani, sema nikapumzika.

Mama yangu aliupenda ubeti huo, na hakuhitaji kueleza kwa nini. Baba alikwenda Mombasa kutafuta kazi nilipokuwa mdogo, akakaa huko. Hakurudi, na talaka hakuleta. Mama hakuwa mke wala hakuwa mtalaka, akazeeka hivyo, mtu wa kungoja neno moja ambalo lingempa ruhusa ya kupumzika. Ubeti huo ukifika alikuwa anaacha chochote alichoshika. Kwenye harusi nilimwona akiinamisha kichwa na kusoma maua ya kanga yake kama barua.

Ndipo watoto wa Injinia walipompeleka Makka. Walifanya jambo jema, sisemi walifanya vibaya. Ila walimpeleka kama mtu anavyopeleka gari gereji, wakijua wanachotaka kitolewe. Kwetu mtu akishahiji hapandi tena jukwaani kuwaimbia wanawake, huo ndio utaratibu na yeye aliujua. Aliporudi alipokelewa kwa dufu na ubani, akavishwa shada, na watu wa kikundi chake cha taarabu walikuja kumkumbatia huku wakilia, wengine kwa furaha na wengine wakimuaga. Vyombo vyake akavigawa. Harusi zikapata waimbaji wa spika, wale wa kufumbua midomo tu huku kanda ikiimba.

Lakini hakuacha kuimba. Alihamia chumba cha mashine.

Ile mashine ya dizeli ilikuwa na kelele za kuamsha mtaa. Unaizungusha kwa mpini mpaka inapaliwa, inakohoa moshi, kisha inaanza kugonga, na ikishagonga hakuna anayesikia kitu barazani msikitini wala barabarani. Humo ndani, mlango umefungwa, Alhaji akaimba. Akaimba ule wimbo wake mmoja kila siku, asubuhi na alasiri, beti zote, kila kiitikio mara mbili, na pale penye fidla akapiga fidla kwa mdomo. Sisi tulimsikia kwa sababu ukuta wa jiko letu na ukuta wa chumba kile ni ukuta mmoja. Mtaa mzima, tuliomsikia tulikuwa mimi na mama.

Mama alikuwa akipika mkate wa kumimina wa kuuza. Ni mkate wenye ukaidi. Unaweka makaa chini na juu ya kifuniko, na ukichelewa kidogo umeungua, ukiwahi ni uji. Mama akaanza kuupalia makaa Injinia anapofungua kinywa, na kuufunua anapomaliza ule ubeti wa mwisho. Ulitoka sawa kila siku. Siku moja akaniambia, huku akiugonga mkate kwa kidole, "Unajua huyu haimbi tu. Huyu anapima. Wimbo ukiisha, mashine inazimwa. Angalia kesho." Nikaangalia. Kweli, hakuwahi kuuzidisha wala kuupunguza. Nikakumbuka habari ya utambi, nikamwambia mama, akacheka sana. Kuanzia siku hiyo alimpelekea kipande cha mkate kila Ijumaa. Injinia alikipokea dirishani bila kusema ahsante, akasema umezidi hiliki. Mama hakupunguza hiliki.

Sasa njooni kwenye hasira yangu.

Alitokea mfadhili Dar es Salaam, mtu mwema nadhani, akaupa msikiti pampu mpya ya umeme. Ni zile za kuzamishwa ndani ya kisima. Mashine ya dizeli ikang'olewa, ikauzwa chuma chakavu. Pampu mpya haikuwa na kelele hata ya nzi. Injinia alikuja alfajiri kama kawaida yake, akabonyeza swichi, akafunga mlango, akaanza kuimba.

Na mtaa mzima ukamsikia.

Hebu fikirieni. Watu wametoka kwenye swala, wengine bado wamekaa na tasbihi, na ukuta wa pili mzee wa hija anaimba chai iko mekoni, wewe uko safarini. Sauti bado nzuri, ndiyo ubaya wenyewe. Angekuwa anakwaruza wangesema uzee. Siku ya kwanza walinyamaza. Siku ya pili mtu akagonga mlango. Yeye akaendelea mpaka mwisho, akazima pampu, akatoka, akapita katikati yao bila salamu. Wiki haikuisha kamati ikamwita barazani baada ya alasiri.

Mama alisikia habari hiyo, akavaa baibui lake, akaniambia nimsindikize. Hakuwahi kusimama mbele ya wanaume wa kamati maisha yake. Tulisimama chini ya ngazi.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, bibi," mwenyekiti akasema. Alikuwa mtu wa kuuza viwanja Mapinga, mcheshi, mwenye haraka. "Kuna tatizo?"

"Nimekuja kwa habari ya huyu mzee na nyimbo zake. Mwanangu, msimzuie. Ule wimbo ndio kipimo chake. Anapoanza ndipo anapowasha, akimaliza anazima. Mkiutoa wimbo hamtajua kisima kipumzike saa ngapi."

"Nani kakwambia hayo?"

"Mkate wangu. Nauweka akianza, nautoa akimaliza. Miaka yote hiyo haujaungua."

Walicheka. Sitawasema vibaya zaidi ya walivyostahili, hawakucheka kwa chuki, walicheka kama watu waliochoka na kikao. Mmoja akasema basi tuweke na jiko la mkaa kwenye kisima cha msikiti. Mwenyekiti akajifuta macho, akamgeukia Injinia aliyekuwa ameketi peke yake kwenye benchi, na shati lake na saa yake.

"Alhaji, utuambie wewe. Bibi anasema unapima maji kwa wimbo wa harusi. Ni kweli?"

Alikuwa na nafasi. Neno moja tu la ndiyo, na maelezo mafupi ya mafuta na mchuzi, na wale watu si wajinga, wangeelewa. Injinia akamtazama mama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni.

"Si kweli," akasema. "Huyu mama mwongo. Naimba kwa sababu napenda."

Akaweka funguo za chumba juu ya benchi, akavaa viatu, akaondoka.

Mama alishika mkono wangu tukarudi nyumbani. Hakulia. Alivua baibui, akalikunja, akakaa jikoni bila kuwasha moto, na majirani waliokuja kununua mkate jioni ile waliambiwa hakuna. Kesho yake ulitoka umeungua upande mmoja. Alinunua saa ya ukutani ya plastiki, lakini mkate haukuwa ule, au sisi ndio hatukuwa wale. Kipande cha Ijumaa hakikwenda dirishani tena, na hata Injinia alipopita mbele ya nyumba yetu mama aliingia ndani. Mtaani watoto wakamwita Bibi Kipimo. Mzaha mdogo, lakini ulimfika.

Kamati wakafunga kifaa cha kujiwasha chenyewe na tangi kubwa juu ya mnara. Pampu ikawa inavuta mchana na usiku. Viwanja vya Mapinga vilikuwa vinajengwa kwa kasi, na maboza ya maji yakaanza kujaza kwenye kisima chetu kupeleka kwa wanaojenga. Msikiti ukapakwa rangi mpya. Kila mtu alikuwa na maji saa yoyote, na foleni ya ndoo ikaisha. Kwa muda walionekana wao ndio wenye akili, hilo lazima niliseme.

Chumvi ilikuja taratibu. Kwanza sabuni, kisha maharage. Watu wakasema ni mabomba mapya, wakasema ni tangi halijasuguliwa. Mama alikuwa mgonjwa wakati huo, amelala. Nilimpelekea chai, akaonja, akaniambia nimekosea nimetia chumvi badala ya sukari. Nikapika nyingine. Akaonja, akarudisha kikombe taratibu. "Basi ni ulimi wangu," akasema. "Umeshakufa kabla yangu." Nilimwambia si ulimi, ni maji. Hakuniamini. Alifariki siku chache baadaye akidhani kosa ni lake, na kamati ilipokubali hatimaye kwamba kisima kimeharibika, yeye alikuwa ameshalala pale makaburini bila kusikia.

Hilo ndilo sikuweza kumsamehe Injinia. Kamati walikuwa hawajui. Yeye alijua.

Kwa hiyo nilikwenda Mapinga kumuuliza. Kiharusi kilikuwa kimempiga, bintiye amemchukua akae naye kwenye nyumba yake mpya, moja ya zile zenye ukuta mrefu na geti la bati. Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, upande mmoja wa mwili umelala. Shati limepigwa pasi. Saa imevishwa mkono usiosogea. Bintiye alinikaribisha vizuri, akanipa juisi, akakaa karibu nasi na simu yake.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba." Neno lilitoka limepinda, lakini alinitambua. Akatazama lango. "Lile geti halijakaa sawa."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Bagamoyo, lakini mbele ya bintiye sikuweza kuyasema. Tukakaa. Tukaongea habari za fulani kafa na fulani kaoa. Kisha boza la maji likaingia kujaza tangi la nyumba, dereva akatandika bomba, akawasha mashine yake. Ilikuwa ya dizeli. Kelele zikajaa ua mzima, binti akainuka kwenda kusimamia bomba, na nikaona uso wa Injinia umebadilika. Midomo ilianza kucheza. Nikainama karibu naye. Alikuwa anaimba.

"Kwa nini ulimwita mama yangu mwongo?" nikamwuliza sikioni. "Alikuja kukutetea. Ulijua anasema kweli."

Aliendelea mpaka mwisho wa ubeti. Hakutaka kukatisha. Kisha akasema, neno baada ya neno, kwa taabu:

"Ningesema ni kipimo, wangeninunulia saa."

Sikumwelewa mara moja.

"Wangesema, haya Alhaji, saa hii hapa. Sasa nyamaza." Akainua mkono wake mzima, akaugusa ule mkono wenye saa. "Saa ninayo. Siku zote nilikuwa nayo. Nilikuwa sina mahali pengine pa kuimba."

"Na kisima?"

"Nilijua kitakufa."

"Na ukanyamaza."

"Hawakuniuliza tena."

Nilimtazama mtu huyu. Aliwaachia watu wote wale wanywe chumvi kwa sababu waligusa wimbo wake, na wao waliua kisima kwa sababu hawakuweza kuvumilia wimbo. Nikatafuta wa kumwonea huruma nikaona ni mama yangu peke yake. Boza lilikuwa bado linanguruma. Akanishika kanga.

"Mimi nilidhani mama yako ananipeleleza," akasema. "Nilidhani kamati wamemtuma. Sikujua kwamba kuna mtu anasikiliza."

"Alikuwa akisikiliza kila siku."

Alifumba macho. Chozi likatoka kwenye jicho la upande uliolala, lile ambalo hakuwa na uwezo wa kulifuta. Sikulifuta.

"Alipenda ubeti upi?"

Nilikuwa nao ulimini. Ningeweza kuusema wote, na nadhani angekufa mtu mwenye raha. Nilimwona mama ameinamia kanga yake kwenye harusi, nikamwona amesimama chini ya ngazi na baibui lake huku wanaume wanacheka.

"Hakuwa na ubeti," nikasema. "Alikuwa anaangalia mkate wake."

Dereva akazima mashine. Ua ukawa kimya, na Injinia akafunga mdomo. Binti akarudi akaniuliza kama baba amenisumbua. Nikasema hapana, nikachukua mkoba wangu, nikaaga.